Mwanzilishi anayejitangaza si lazima awe anatafuta ubunge

Ukitaka kumkera mfanyabiashara mkongwe wa Mwanjelwa, soko la Mbeya, mshauri ajitangaze. Utajiri mwingi wa Nyanda za Juu Kusini umejengwa kimyakimya, na mfano unaotajwa kila mara ni Wakinga wa Makete: mtu ana maduka Mbeya, Makambako na Kariakoo, lakini ukimkuta amekaa nje ya duka lake utamdhania mlinzi. Mtazamo huo umewafuata hadi vijana wanaoanzisha kampuni leo. Kijana akisikika Ebony FM ya Iringa au Bomba FM ya Mbeya mara mbili ndani ya mwezi mmoja, watu wanaanza kuulizana anautaka ubunge wa jimbo gani.

Walimu wa ujasiriamali wanaopanda kutoka Dar es Salaam wanasema kinyume chake. Kwao, mwanzilishi asiyejibrandi hayupo sokoni: piga picha nzuri, simulia safari yako, usikose mtandaoni hata siku moja. Hupenda kumtaja Benjamin Fernandes wa NALA, aliyejulikana nchini kama mtangazaji wa televisheni tangu utotoni, na ambaye kampuni yake ilikusanya mtaji wa dola milioni 40 mwezi Julai 2024. Mfano ni mzuri, ila NALA inahudumia watu wanaotuma pesa kutoka nje ya nchi na inazungumza na wawekezaji wa nje. Kijana wa Tukuyu anayetaka kukamua mafuta ya parachichi ana hadhira nyingine kabisa, na hadhira hiyo haiko LinkedIn.

Wanaobeza na wanaohimiza wanakubaliana jambo moja bila kujua. Wote wanadhani jina la mwanzilishi lipo kwa ajili ya mnunuzi au mwekezaji. Huku kwetu kazi yake kubwa iko upande wa pili wa biashara, kwa mkulima.

Kampuni changa nyingi za Rungwe, Njombe, Mufindi au Mbarali zinakusanya mazao au kuyasindika: parachichi, viazi, maziwa, mpunga. Kabla ya kutafuta wateja zinahitaji mzigo, na fedha ya kununulia mzigo taslimu hazina. Benki inataka hati ya nyumba au kiwanja, na kijana aliyemaliza chuo kikuu cha MUST, Mbeya, mwaka juzi bado anaishi chumba cha kupanga Iyunga. Kilichobaki ni mali kauli: mkulima anatoa mzigo leo, analipwa ukishauzwa. Sasa amwamini nani? Vijiji vya parachichi vimejaa hadithi za dalali aliyechuma, akapakia, akaahidi kulipa Jumatatu, na Jumatatu simu ikawa haipatikani. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kinamwambia mkulima kwamba kampuni imesajiliwa. Hakimwambii ampate wapi mtu huyo simu ikizimwa.

Tuseme wakulima 30 wanamdai mtu shilingi milioni 3. Kwa dalali asiyejulikana, kutoroka ni faida ya milioni 3 kasoro bei ya laini mpya ya simu. Msimu ujao ataingia kata nyingine. Kwa mwanzilishi ambaye sauti yake imezoeleka redioni, ambaye kwao panafahamika, ambaye alisimama kwenye banda lake viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya wakati wa Nanenane na kujibu maswali ya wazee mbele ya umati, milioni 3 hizo zinaondoka na misimu yote inayofuata. Zinaondoka pia na heshima ya wazazi wake kanisani, jambo ambalo kwa Mbeya si dogo. Mtu mashuhuri anaweza kuwa mwongo kama mwingine yeyote, ila uongo wake una bei kubwa zaidi, na mkulima anaijua hesabu hiyo hata kama hajawahi kuiandika. Anapouliza “wewe ni mtoto wa nani?” anakagua dhamana.

Ndiyo maana siuoni uso wa mwanzilishi kuwa majivuno. Ni rehani. Ameweka jina lake mahali ambapo mwenzake mwenye mali angeweka hati ya nyumba, na likipotea hakuna mnada wa kulikomboa.

Chukua lumbesa, yaani gunia linaloshindiliwa kupita kipimo. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na bado wakulima wa viazi wa Njombe na Mbeya wamelalamika miaka na miaka kuhusu magunia yenye kilemba. Kampuni ikiandika kwenye karatasi zake kwamba inanunua kwa mizani, hakuna atakayezisoma. Mwanzilishi akisema hivyo redioni kwa jina lake, kwa Kiswahili cha kawaida, kila wakala wake atakayejaribu kushindilia gunia atakumbushwa maneno ya bosi wake na mama mwenye shamba. Ahadi ya hadharani inambana mwenye kuitoa, na hilo ndilo analolinunua mkulima.

Majina ya mahali hayawezi kufanya kazi hiyo. Mchele wa Kyela una sifa nchi nzima, na kwa sababu hiyo hiyo kila mfungashaji anaandika Kyela kwenye mfuko wake, hata kama mpunga umetoka bonde jingine. Sifa hiyo haina mlinzi, na mteja akikuta chenga hana wa kumwendea.

Hata hivyo, wanaopendelea ukimya wana hoja nzito kuliko wivu wanaoshutumiwa nao. Ni nadra kumsikia Said Salim Bakhresa akizungumza na vyombo vya habari, na Azam imeingia karibu kila nyumba. Hapa kwetu sosi ya Dabaga imebeba jina la mahali wilayani Kilolo, na wanaoinunua hawahitaji kujua sura ya mwenye kiwanda. Mohammed Dewji alichagua njia tofauti, akaweka jina lake hadi kwenye soda, na jina hilo limeuza. Lakini alipotekwa Dar es Salaam Oktoba 11, 2018, hadi alipopatikana Oktoba 20, nchi nzima iliona jinsi mtu mmoja anavyoweza kubeba biashara nzima mgongoni.

Hoja yao kali zaidi ni DECI. Mchezo ule wa kupanda na kuvuna pesa, uliosimamishwa mwaka 2009, uliendeshwa na watu ambao wengi wao walikuwa wachungaji, na watu walitoa akiba zao kwa sababu waliwaamini. Hapo rehani ya uso ilishindwa vibaya. Jibu langu ni kwamba ilishindwa kwa sababu waliotoa pesa hawakuwa na kitu cha kukagua zaidi ya uso. Mkulima wa maziwa anakagua kila tarehe ya malipo: mwanzilishi akichelewa mara mbili, habari imeshafika mnadani. Jina linalopimwa kila mwezi ni tofauti na jina linaloaminiwa tu. Nakiri, lakini, kwamba mtu anayekusanya pesa za wananchi kwa ahadi ya faida, akiwa hana zao wala mashine ya kuonyesha, hoja yangu haimhusu na asiitumie.

Wanawake wakijitangaza wanalipia zaidi, na semina haziligusi hili. Mwanamke akitangaza kiwanda chake, swali la kwanza mitaani huwa ni nani amempa mtaji, na haliulizwi kwa nia njema. Siwezi kumwambia mwanamke huyo ajitokeze kwa moyo mkunjufu kama ninavyomwambia kaka yake. Naona wengine wanatanguliza kikundi chao au barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza, na ni busara.

Kisha kuna suala la pesa yenyewe, ambalo linaumiza kampuni nyingi kuliko kashfa. Mwanzilishi anayefahamika hupokea malipo kwa namba yake binafsi, kwa sababu wateja wanalijua jina hilo linapotokea kwenye simu. Siku akifariki au akigombana na mwenzake, laini ni ya marehemu, wateja ni wa marehemu, na madeni ya wakulima hayajulikani ni ya nani. Alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA hulindwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na inaweza kuuzwa au kurithiwa. Uaminifu wa mtu haurithiwi hivyo. Mwekezaji anayeona kila mkulima ana namba ya mwanzilishi peke yake atapunguza bei, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo sibishani na Mkinga mwenye duka kuhusu ukimya wake. Yeye alianza na mtaji aliouweka kidogo kidogo, wala hakuhitaji mzigo wa mtu mwingine kwa neno la mdomo tu. Anayeanza na mali kauli hana anasa hiyo, angalau misimu ya mwanzo. Baadaye vyeti huchukua zamu: mnunuzi wa parachichi Ulaya anaomba GLOBALG.A.P., cheti cha kilimo bora, na alama ya TBS, shirika la viwango, kwenye chupa inasomeka bila picha ya mtu. Kitu cha kupima ni kituo cha kukusanyia. Mwanzilishi akiwa Dodoma wiki nzima, je, mkulima anamkabidhi karani mzigo wake, au anarudi nao nyumbani kumsubiri “mwenyewe”? Kama bado anarudi nao, basi Lipa Namba ibadilishwe isomeke jina la kampuni, karani aanze kwenda redioni pamoja na bosi wake, na daftari la madeni libaki kituoni badala ya kukaa kwenye simu ya mtu mmoja.