Namba za watu kwenye kompyuta ya steshenari

Nilikuwa steshenari moja ya Ngamiani, hapa Tanga, nasubiri barua yangu ichapwe. Pembeni yangu binti alikuwa anajaziwa fomu ya mkopo wa chuo. Dada wa kaunta alipobofya nafasi ya namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ikashuka orodha ya namba za wateja waliotangulia, tarakimu 20 kila moja. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Nikiwa nimekaa tu kwenye benchi, nikasoma umri wa watu nisiowajua.

Sitaki kumlaumu yule dada. Kivinjari kinahifadhi kinachoandikwa ili kuokoa muda, na kwenye simu yako mwenyewe kinasaidia kweli: tarakimu 20 ukiziandika kwa mkono kila mara, siku moja utakosea. Hata huko pana tahadhari. Mwaka 2017 Viljami Kuosmanen, mtengenezaji wa tovuti wa Ufini, alionyesha ukurasa unaoomba jina na barua pepe tu, huku kivinjari kikijaza anwani na simu kwenye nafasi zilizofichwa bila mwenyewe kujua. Mimi bado naacha jina na anwani kwenye simu yangu. Namba ya kadi ya benki siihifadhi.

Steshenari ni jambo jingine. Pale kila mteja ni mpya, kwa hiyo namba ya mteja wa jana haimsaidii wa leo hata kidogo. Inaokoa muda kwenye maneno kama mkoa na wilaya, basi. Ila ukiteleza kwenye orodha, simu ya mtu mwingine inaingia kwenye fomu yako, na ujumbe wa mkopo unakwenda kwake. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaki taarifa za mtu zikae muda mrefu kuliko zinavyohitajika.

Wengine hufungua hali fiche (Incognito) ya kivinjari wakadhani wamemaliza. Katika kivinjari cha Chrome hali hiyo haihifadhi mapya, lakini ya zamani yanaweza kuendelea kushuka. Afadhali hali ya mgeni (Guest), ambayo ukiifunga hufuta yote. La sivyo bonyeza Ctrl, Shift na Delete pamoja, chagua muda wote, weka tiki kwenye data ya kujaza fomu peke yake, ili nywila za duka zisiondoke. Angalia kwanza kama kompyuta imeunganishwa na akaunti ya mtu: ukifuta hapo, huenda na kwenye simu yake zikafutika.

Nilimwonyesha yule dada njia fupi: shuka kwa mshale hadi kwenye namba, kisha Shift na Delete. Akazitoa moja moja mpaka orodha ikaisha. Halafu binti akasogeza kiti, akamsomea namba yake kwa sauti ya chini.