Wametuuliza, Hatukujibu

Bahasha ilikaa juu ya friji wiki tatu, imebanwa kati ya karatasi ya matangazo ya piza na barua ya daktari wa meno wa mtoto. Haikuwa na jina la mtu, imeandikwa tu kwa mkazi wa nyumba. Ndani yake Ofisi ya Takwimu ya Taifa ya huku Uingereza, ile ambayo kila mtu anaiita ONS, ilikuwa inaniomba nishiriki utafiti wa nguvu kazi: nafanya kazi gani, saa ngapi kwa wiki, natafuta nyingine au nimeridhika. Jirani yangu, mama wa Kibajuni aliyenitangulia London kwa miaka mingi, aliigeuzageuza mkononi akasema, "Mwanangu, serikali ikikuuliza unakula nini, ujue ina njaa. Tia pipani." Nikatia pipani.

Sikujua kwamba siku ile nilijiunga na kundi kubwa kuliko chama chochote cha siasa cha nchi hii. Mwaka 2023 waliokubali kujibu utafiti huo walishuka hadi kama 17 katika kila 100. Miaka kumi nyuma walikuwa karibu nusu. Korona iliwafukuza wadodosaji milangoni, simu za mezani zimekufa, na simu ya mkononi ikiita kwa namba ngeni hakuna anayepokea. Oktoba 2023 ONS ilisimamisha kuchapisha baadhi ya takwimu za ajira kwa sababu waliojibu hawakutosha. Fikiria: taifa lililotajirika kwa daftari na kalamu, na Benki Kuu yake inapanga riba inayogusa mikopo ya nyumba bila kujua vizuri ni watu wangapi hawana kazi. Sehemu ya lawama ilikuwa kwenye pipa langu.

Nasema hivi kwa sababu makundi yetu ya WhatsApp yana watu wa aina mbili tu kuhusu takwimu za huku. Kuna anayeamini kila namba yenye nembo ya serikali kama aya, na kuna anayesema zote zimepikwa. Mimi nimekuwa wote wawili, kutegemea namba inasema nini kuhusu sisi. Siku hizi naona tatizo liko pengine. Wapishi wa ONS ni hodari na wanakosea kama wapishi wote. Mwaka 2025 walikiri kwamba mfumuko wa bei wa Aprili waliutaja asilimia 3.5 ilhali ulipaswa kuwa 3.4, kwa sababu ya kosa kwenye data za kodi ya magari walizoletewa na serikali. Kosa la namna hiyo linaonekana na linasemwa. La mtu ambaye hakufungua mlango halionekani.

Mei 2020, tukiwa tumefungiwa ndani, ONS ilitoa namba ambayo sitaisahau. Ukilinganisha watu wa umri mmoja, Mwafrika au Mkaribi mweusi wa Uingereza na Wales alikuwa na uwezekano wa kufa kwa korona zaidi ya mara 4 ya mzungu. Walipozingatia tena hali ya maisha, yaani nyumba, mtaa, kazi na afya aliyokuwa nayo mtu kabla, bado ilibaki karibu mara 2. Sisi tulikuwa tumeshaanza kuhesabu kwa vidole: dereva wa basi, muuguzi msaidizi, mama wa nyumba ya kulelea wazee. Lakini vidole havipelekwi bungeni. Namba ile ilipelekwa.

Waliipataje? Hapa ndipo nilipokaa kitako. Cheti cha kifo cha Uingereza na Wales hakiandiki kabila wala rangi ya marehemu. Ilibidi ONS wachukue vifo wavioanishe na majibu ambayo marehemu wenyewe waliyatoa kwenye sensa ya 2011. Maana yake, aliyejaza fomu miaka tisa kabla alitoa ushahidi baada ya kufa. Ambaye mwaka 2011 alikuwa hajafika nchini, au alikuwepo lakini akazima taa karani alipopita, hakuwemo kwenye hesabu ile. Nawajua wawili wa namna hiyo. Tuliwaswalia kwa Zoom.

Halafu mwaka uliofuata ofisi hiyohiyo ikatoa makadirio ya umri wa kuishi kwa kila kabila, ya kipindi cha 2011 hadi 2014, na Waafrika weusi wakawa miongoni mwa walioishi muda mrefu zaidi. Wazungu wakawa karibu na mkia. Vikundi vyetu vililipuka. Dona ilisifiwa, mlenda ukasifiwa, mtu akaandika kwamba ni kwa sababu hatuna tabia ya kunywa baridi. Sehemu ya maelezo ni ya kawaida: anayehama nchi kwa kawaida ni kijana mwenye afya, wagonjwa hawapandi ndege kwenda kubeba maboksi. Lakini iko sehemu nyingine ambayo watafiti wameipa jina la samaki, yule salmoni anayekwea mto aliozaliwa ili akafie huko. Mzee wetu akishastaafu na magoti yakianza kugoma, harudi hospitali ya hapa. Anarudi Pemba, anarudi Lamu, anarudi Moshi. Anafia huko, anazikwa huko, na cheti chake hakifiki London. Kwenye karatasi za huku bado yuko hai, anaendelea kuongeza wastani wetu. Rejesta ya daktari wa mtaa ingeweza kumfichua, lakini nani amewahi kumpigia daktari kumwambia, "Nakuaga, naenda kufa kwetu"?

Kwa hiyo tumekuwa watu wa ajabu: kwenye takwimu moja tunakufa mara 4, kwenye nyingine hatufi kabisa. Na zote mbili zimefanywa kwa uaminifu.

Tuje kwenye sensa yenyewe. Huku wamehesabiana kila miaka kumi tangu 1801, isipokuwa 1941 kwa sababu ya vita. Ya mwisho kwa Uingereza na Wales ilikuwa Jumapili ya tarehe 21 Machi 2021, karibu wote tukijaza kwenye mtandao. Kwetu nilizoea karani anakuja. Kule nyumbani Tanzania 2022 walipita na vishikwambi, unamkaribisha, anakunywa chai, anauliza choo ni cha aina gani. Huku unakaa peke yako na skrini, na usipojaza unaweza kupigwa faini ya pauni 1,000.

Nilimweka binti yangu kando yangu, wakati huo ana miaka kumi na miwili, anisaidie kusoma. Tukafika kwenye lugha. Wanauliza lugha yako kuu, moja tu. Nikaandika Kiswahili. Akanishika mkono. "Mama, kazini unaongea Kiingereza siku nzima. Na mimi ukinigombeza unanigombeza kwa Kiingereza." Si kweli, nagombeza kwa Kisambaa, lakini nilimwelewa. Lugha kuu ni ipi? Ninayotumia saa nyingi au ninayootea ndoto? Nina hakika katika nyumba nyingi za Wakongo waliandika Kifaransa kwa heshima, na nyumba nyingi za Wasomali wa Barawa waliandika Kisomali ingawa jikoni ni Chimiini, jamaa wa Kiswahili chetu. Kisha hospitali zinatazama jedwali na kuamua wakalimani wa lugha gani waajiriwe. Hatumo, basi hatuajiriwi.

Yeye nikamwandikia Kiingereza. Alitaka hivyo. Iliniuma kidogo.

Swali lililonivutia zaidi lilikuwa la hiari, la wenye miaka 16 kwenda juu. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa: jinsia unayojitambua nayo ni ileile iliyosajiliwa ulipozaliwa? Watu 262,000 hivi walijibu hapana. Kilichowashangaza wengi ni mahali walikoonekana kwa wingi: wilaya ya Newham ya London iliongoza Uingereza yote, na Brent ikawa karibu yake. Mimi naishi Newham. Ni mtaa wa mihogo, wa misikiti na wa makanisa ya kilokole, kila mtu ametoka mahali. Wataalamu wakaanza kunong'ona kwamba huenda waliojibu hapana wengi hawakuelewa Kiingereza cha swali, na mwaka 2024 takwimu hizo zikavuliwa hadhi ya takwimu rasmi kamili, zikawekwa kwenye kundi la zile ambazo bado zinatengenezwa.

Mimi ningewaambia mapema, na wala si kwa sababu ya sarufi. Mama wa Kibajuni aliniita nimsaidie. Nikamfasiria swali kwa kadiri nilivyoweza, na kwa Kiswahili ni kazi maana neno letu jinsia limebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Akanitazama. "Iliyosajiliwa nilipozaliwa? Mimi sikusajiliwa. Cheti nilikata nikiwa na miaka ishirini na sita, nilipotaka pasipoti." Kwa hesabu yake jibu la haki lilikuwa hapana. Nilimzuia. Ni wangapi hawakuwa na wa kuwazuia? Waliotunga swali waliishi katika nchi ambayo kila mtoto anaandikishwa ndani ya wiki sita, na haikuwapitia akilini kwamba mtu anaweza kuzaliwa bila karatasi. Waliofanya kosa na waliozivua takwimu hizo hadhi walikuwa ofisi za serikali ileile, na hilo nalo nawahesabia.

Kwa sababu nimetoka nchi ambayo mwaka 2018 ilipitisha marekebisho ya sheria yaliyofanya kuchapisha namba zinazopinga namba za serikali kuwa kosa la jinai, hadi yakalegezwa mwaka uliofuata. Huku mwenyekiti wa mamlaka ya takwimu aliwahi kumwandikia barua ya wazi waziri wa mambo ya nje, Boris Johnson, Septemba 2017, kuhusu zile pauni milioni 350 kwa wiki alizodai zingerudi mikononi mwa nchi ikijitoa Umoja wa Ulaya, akimwambia hayo ni matumizi mabaya ya takwimu rasmi, bila kumung'unya. Johnson hakufa kwa aibu, na baadaye akawa waziri mkuu. Lakini barua iliandikwa, na aliyeiandika hakuitwa kituoni.

Kitu kingine kinachonikera ni chetu wenyewe. Neno Uingereza tumelitumia kwa nchi mbili tofauti kwa wakati mmoja. Takwimu za shule ni za Uingereza ile ndogo, bila Wales, Scotland wala Ireland ya Kaskazini, kwa sababu kila moja ina wizara yake ya elimu. Vifo vya ONS mara nyingi ni vya Uingereza na Wales. Mfumuko wa bei ni wa ufalme wote. Scotland sensa yao hata haikufanyika mwaka uleule, waliisogeza hadi 2022, na waliojibu wakawa asilimia 89 badala ya 97 za huku. Mwandishi wa gazeti letu anavikusanya vyote, anaandika "Uingereza", nasi tunabishana wiki nzima kuhusu nchi ambayo haipo. Mimi nimefanya hivyo hapa juu pia, rudi uangalie.

Kwenye hizo takwimu za shule utakutana na namba inayopendwa na magazeti ya huku: mwanafunzi mmoja katika kila watano lugha yake ya kwanza si Kiingereza. Inasomwa kama kwamba darasa limejaa watoto wasioelewa mwalimu. Kumbe kinachohesabiwa ni lugha aliyoisikia mtoto nyumbani akiwa mdogo, hata kama leo anaandika insha vizuri kuliko mwana wa mwalimu. Binti yangu yumo. Kwenye sensa ni Mwingereza wa lugha, shuleni ni mtoto wa Kiswahili, na zote mbili nilizijaza mimi.

Si zote zinaumiza kichwa. Kila Machi wanatangaza bidhaa zilizoingia kwenye kapu la kupimia bei, na 2025 embe liliingia. Embe! Miaka yote hiyo tumenunua maboksi Green Street bila serikali kujua. Na majina ya watoto: Muhammad ndilo lililokuwa la kwanza kwa wavulana wa mwaka 2023, huku Mohammed na Mohammad wakihesabiwa kila mmoja peke yake, kwa herufi. Jina lililopewa watoto chini ya watatu halichapishwi, ili mtu asijulikane. Nimetafuta jina la mjomba wangu, Shekivuli. Halimo.

Mama wa Kibajuni bado anaamini bahasha ni mtego wa uhamiaji. Nimemweleza kwamba afisa wa takwimu akitoa siri ya mtu anaweza kufungwa hadi miaka miwili, kwa sheria ya 2007. "Nani amewahi kufungwa?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Lakini mwaka jana ilipokuja bahasha nyingine, yake, aliniletea. Tulikaa mezani kwake saa nzima. Alipoulizwa jana alikuwa na furaha kiasi gani, sifuri hadi kumi, alikataa katakata kutoa namba. Alisema furaha ya mtu haitajwi hadharani, inapigwa jicho. Mdodosaji kwenye simu akasubiri. Akasubiri tena. Mwishowe mama akasema, "Mwambie saba, alhamdulillahi, lakini asiandike."

Serikali imeshasema 2031 sensa itakuwepo, ingawa kabla ya hapo walitaka kuifuta. Binti yangu atakuwa na miaka ishirini na miwili, fomu yake atajaza mwenyewe. Nimemuuliza kwenye lugha ataandika nini. Amesema itategemea kama swali litakuwa na nafasi mbili.