"Sijahama, Nimekuja Kutafuta"

Nilikwenda fildi kwa tasnifu yangu ya chuo juu ya uhamaji wa wavuvi, safari ambazo wengine wanasema wanafunzi tupunguziwe. Dodoso langu lilikuwa na maswali 34, na la kwanza tu ndilo lililoniangusha: "Je, wewe ni mhamiaji?" Nilimuuliza mvuvi mmoja kwenye dago, yaani kambi ya wavuvi, upande wa Ukerewe, ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi anashona wavu. Akaniangalia, akaangalia daftari, kisha akasema ana haraka. Hakuwa na haraka yoyote. Jioni nilimkuta palepale, na wavu uleule. Mwenyeji wangu aliposikia alicheka hadi akakohoa. "Mdogo wangu, unamfuata mtu na kalamu unamuuliza habari za Uhamiaji. Ulitaka akujibu nini?"

Darasani tunatofautisha uhamaji na uhamiaji, na tunapata alama kwa hilo. Mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, Uhamiaji ni ofisi yenye sare na magari, na neno mhamiaji siku hizi haliji bila mkia wake, "haramu". Ziwa hili, Victoria, lina nchi tatu. Kwenye kisiwa kimoja unaweza kusikia Kijita, Kikara, Kisukuma na Kiluo kabla hujamaliza kikombe cha chai. Watu wanaoishi hivyo wameshakubaliana mambo kadhaa ya kutoulizana, halafu anakuja kijana wa chuo na swali la kwanza ndilo hilo.

Kwa hiyo wanaosema wanafunzi wapunguziwe safari hizi za fildi hawana chuki. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa mchangani aliniambia bila kuinua kichwa: "Mwanangu, mwaka juzi walikuja, mwaka jana wakaja. Maswali ni yaleyale, tunakunywa kiasi gani na tunalala na nani. Hakuna aliyerudi kutuambia alichokiona." Sikuwa na jibu, nikashika upande wa pili wa turubai nikamsaidia kulikunja.

Kuna sababu ya maswali yale. Maambukizi ya VVU kwenye jamii za wavuvi yako juu kuliko kwa watu wengine, na biashara ya samaki ambayo mwanamke hulipia kwa mwili wake ipo kweli. Mtu alipaswa kuyaandika hayo, na yakaandikwa. Ila kila tasnifu mpya ikitafsiri "athari za kijamii" kuwa ulevi, ngono na utoro wa shule, dago linabaki na jina bovu, na mtoto aliyekulia huko hulibeba hadi sekondari ya Nansio, mji wa Ukerewe. Na tusisahau aibu yetu wenyewe, yale madodoso yanayojazwa gesti usiku wa mwisho kwa wino wa rangi mbili ili yaonekane yametoka kwa watu tofauti. Anayekana hili hajawahi kukaa na wanafunzi msimu wa tasnifu.

Pamoja na yote hayo, mimi niko upande wa safari hizi ziendelee, na sababu yangu ni mwezi.

Dagaa huvuliwa kwa taa, iwe karabai au hizi za sola. Taa hiyo humvuta samaki usiku wa giza tu. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi hupandishwa nchi kavu, na wavuvi wengi hurudi makwao kwa siku kadhaa. Dago lililojaa watu juma hili, juma lijalo limebaki na mbwa, mama lishe na wachache wasio na nauli. Sensa ya mwisho ilihesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 12, mwezi mpya tarehe 27. Usiku ule ulikuwa wa giza, usiku wa kazi. Ungeangukia tarehe 12, visiwa vingeonekana vitupu zaidi na vijiji vya bara vimejaa, na watu ni walewale. Mkoa wa Mwanza ulipata watu 3,699,872, na sina ugomvi na hesabu hiyo. Ninachosema ni kwamba mwendo huu wa kwenda na kurudi na mwezi haumo ndani yake, na anayeweza kuuona ni mtu aliyekaa pale giza na mbalamwezi. Huyo mara nyingi ni mwanafunzi, kwa kuwa ni rahisi kumgharimia na lugha anaijua.

Tatizo mwanafunzi hana muda. Barua ya chuo inapita mkoani, inashuka wilayani, inafika kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji, kisha kwa mwenyekiti ambaye siku hiyo yuko shambani. Kati ya majuma manne, moja limekwisha. Na ile orodha ya kaya anayopewa kuchagulia sampuli ni ya wenye nyumba, kwa hiyo watu wa dago hawamo.

Yule mshona wavu nilirudi kwake siku ya nne, daftari nimeliacha. Tukaongea juu ya injini. Katikati ya hayo nikamuuliza amehamia lini pale. "Sijahama," akasema. "Nimekuja kutafuta. Kwangu ni Ukara." Alikuwa na miaka kumi na mmoja pale. Ukara ni kisiwa kidogo ambacho watu walishakibana tangu enzi za ukoloni, na kutoka kwenda kutafuta ni jambo la mababu. Nyumba yake ya dago ilikuwa ya mabati chakavu, choo cha kuazima; ya Ukara ilikuwa ya tofali, na wanawe walisoma hukohuko.

Jibu lile lilivuruga sura ya pili yote ya tasnifu yangu. Nilikuwa nimewanukuu wananadharia wa uhamaji, Ravenstein wa mwaka 1885 na Lee wa 1966: visukumizi vya kumtoa mtu kwao huku, vivutio vya kumwita kwingine kule. Katikati yao hapakuwa na nafasi ya mtu aliyekaa miaka kumi na mmoja mahali ambapo hajahamia. Hata hivyo ukitaka kujua kwa nini dago halina choo wala darasa, anza na neno hilo "kutafuta", kabla hujafika kwenye pombe. Anayetafuta hajengi pale anapotafutia. Athari ya safari yake iko Ukara, kwenye tofali, na huko sikufika. Nauli iliishia Nansio.

Ningekuwa msimamizi, ningekata sampuli ya watu mia moja ibaki ishirini, na ningetaka kila mmoja afuatwe mara mbili, gizani akiwa dagoni na mbalamwezi akiwa kwao. Jedwali za sura ya nne zitapungua, na wasimamizi wanapenda jedwali, najua.

Mada hazijaisha. Daraja la Kigongo–Busisi, mkoani Mwanza, lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji. Foleni ya kivuko iliyowalisha wauza samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchemsha haipo tena. Wale mama wamekwenda wapi, na nani amewafuata?