Benki zinapozungumza na serikali, nani anamsemea mchuuzi wa Kasumbalesa?

Nchini Kongo kanuni za fedha hazitungwi na serikali peke yake. Chama cha Benki cha Kongo hujadiliana na Benki Kuu, na FEC, shirikisho la makampuni, hupeleka malalamiko na mapendekezo yake kwa mawaziri na wabunge. Hapa Lubumbashi, ambako malori ya shaba hupita mchana na usiku bila wakazi wengi kuona faida yake, mtu akisikia kwamba wakuu wa benki wameonana na waziri huamini mara moja kwamba kuna jambo linafichwa. Shaka hiyo ina sababu zake, ila haitoshi kuwa hoja.

Tuchukue bima. Kwa miongo kadhaa SONAS, kampuni ya serikali, ndiyo pekee iliyokuwa na haki ya kuuza bima nchini. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, lakini makampuni binafsi yalianza kupata vibali mwaka 2019, na katika miaka hiyo yote mwenye lori aliendelea kununua bima kwa muuzaji mmoja, apende asipende. Katika hali kama hiyo shinikizo la makampuni linamfaa mteja pia, kwa kuwa kinachodaiwa ni sheria iliyokwisha kutangazwa itekelezwe.

Suala la dola ni gumu zaidi. Oktoba 2022 FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya utakatishaji wa fedha, kiliiweka Kongo kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo zilitangazwa sheria mbili kwa pamoja, moja juu ya utakatishaji wa fedha, nyingine juu ya shughuli na udhibiti wa taasisi za mikopo. Benki zina haki ya kutetea masharti makali: sehemu kubwa mno ya amana zao iko katika dola, na malipo ya dola kwenda nje hupitia benki washirika za ng'ambo, ambazo zikijitoa zitamkwamisha hata mwenye duka anayelipia bidhaa Dubai.

Lakini mzigo wa masharti hayo haubebwi sawasawa. Kampuni ya migodi ina wanasheria na wahasibu wa kujaza fomu. Mama anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kununua unga wa mahindi Zambia hana namba ya rejista ya biashara wala ankara yenye muhuri, kwa hiyo anakwenda kwa kambisti, mbadilishaji pesa aliyeketi kando ya barabara, mafungu ya faranga yakiwa mezani. Kambisti huinua kila noti ya dola kwenye mwanga, huipapasa pembe zake, kisha huirudisha akiona mpasuko usiofika hata nusu sentimita, kwa sababu anajua kwamba hakuna atakayeipokea kwake. Agizo lolote juu ya pesa taslimu huwafikia hawa wawili kabla ya mtu mwingine yeyote, nao ndio wasioulizwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni biashara ya kikanda. Benki ya Equity ya Kenya ilinunua BCDC, benki ya Kongo, mwaka 2020. KCB, nayo ya Kenya, ikachukua asilimia 85 ya TMB, benki iliyozaliwa hapa Lubumbashi, Desemba 2022. Na CRDB ya Tanzania ikafungua milango yake mjini humu mwaka 2023. Kongo yenyewe iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ushindani huo ni mwema, tena shaba yetu nyingi hupitia bandari ya Dar es Salaam. Hata hivyo, ni jambo la kawaida benki hizo zitake kanuni zetu zifanane na za Nairobi na Dar es Salaam, wakati soko la Lubumbashi linategemea Zambia na Afrika Kusini, nchi zisizo katika jumuiya hiyo. Na Zambia tunakutana katika jumuiya nyingine, COMESA na SADC. Utaratibu wa malipo unaomfaa mfanyabiashara wa Goma au Bukavu unaweza kumwacha wa Kasumbalesa palepale alipo.

Kwa maoni yangu, Benki Kuu ingetangaza rasimu ya kila agizo kabla ya kulitia saini, pamoja na maandishi ya kila chama kilichotoa maoni, kwa Kifaransa na kwa lugha za taifa. Vyama vya kambisti, koopeki (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) na wasafirishaji vingesikilizwa hapahapa Lubumbashi, maana nauli ya ndege hadi Kinshasa inatosha kuwanyamazisha. Wenye benki watajibu kwamba habari nyingine zikitoka hadharani watu watakimbilia kutoa akiba zao. Hilo ni kweli, na ripoti za ukaguzi wa benki mojamoja zibaki siri. Ila ombi la kupunguziwa akiba ya lazima, yaani fedha ambazo kila benki hutakiwa kuziweka Benki Kuu, au la kulegezewa kanuni za ada, halimo katika siri hizo.