Mikono Inayomsaidia Mama Anayenyonyesha ni ya Nani?

Kila Agosti inapoingia na Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, kundi letu la WhatsApp la Wakenya wa Leeds, Uingereza, hujaa picha za akina mama wa nyumbani na leso zao, watoto mgongoni, na chini yake mtu ameandika: mkono mmoja haulei mwana. Kisha masikitiko yanafuata. Huku hakuna jamii. Huku ukizaa unabaki wewe na mtoto wako, mlango umefungwa. Afadhali tungekuwa Nairobi.

Mwaka huu sikuitikia. Kifungua mimba wangu nilimnyonyesha mtaa wa Umoja, Nairobi, mdogo wake nikamnyonyesha hapa kwenye baridi, na sikubali kwamba kwetu kuna jamii na huku hakuna. Ninachokiona ni kwamba kwetu tunaisifu sana hiyo mikono mingine bila kuuliza ni mikono ya nani, inajua nini, na nani anailipa.

Mazuri kwanza, maana yapo. Nilipotoka hospitali mama mkwe alifika kutoka Murang'a na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na unga wa wimbi, na tangu siku hiyo chupa ya uji haikukosekana pale mezani. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye tulikuwa tukisalimiana tu kwenye ngazi, alibisha hodi huku ameshaingia, akaokota beseni la nepi, akashuka nalo mferejini. Aliporudi nguo zilikuwa kwenye kamba. Hakuketi, hakuomba chai, hakuomba hata kumbeba mtoto. Alisema tu, "Wewe nyonyesha." Nimesoma mengi tangu hapo na nimehudhuria mafunzo ya huku, na bado sijaona msaada unaouzidi ule.

Lakini jirani huyo alikuwa mmoja. Wengi walikuja kuona mtoto, na kuona mtoto kwetu mnakujua: sukari, unga, sabuni, na shauri. Mzazi anainuka kitandani kuwapikia chai wageni waliokuja kumpumzisha. Shangazi anamtazama mtoto akilia, anasema huyu ana kiu, jua la Nairobi hili, mpe maji kidogo kwa kijiko. Mwingine anasema maziwa yako mepesi. Wa tatu ana chupa ya dawa ya tumbo mkobani. Wote wanampenda mtoto, na wote wanamvurugia mama yake kazi. Maziwa ya mama karibu sehemu 9 kati ya 10 ni maji, na mtoto hahitaji maji mengine hata Januari kukiwa na joto. Tena titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya kunyonya, na mtoto aliyejazwa maji hanyonyi ipasavyo. Baada ya siku kadhaa maziwa yanapungua kweli, na shangazi anapata ushahidi: nilikwambia hayatoshi.

Hii si hadithi ya nyumba moja. Utafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya kilichoko Nairobi, uliochapishwa 2011 ulikuta kwamba Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ya Nairobi ambako watu wanaishi ukuta kwa ukuta na hakuna mama anayejifungua bila mtaa mzima kujua, ni takriban asilimia 2 tu ya watoto walionyonya miezi 6 bila kuonjeshwa kitu kingine. Asilimia 2, palipojaa watu! Baadaye, akina mama wa mitaa hiyo hiyo walipofuatwa nyumba kwa nyumba na wahudumu wa jamii waliofunzwa, tangu wakiwa wajawazito, waliofikisha miezi 6 walizidi nusu. Majirani walikuwa wale wale. Kilichoongezeka ni mtu mmoja anayejua anachokisema, na aliyerudi tena kuangalia.

Huku mtu huyo hutumwa na serikali. Mkunga alifika nyumbani siku iliyofuata baada ya sisi kutoka hospitali. Chuchu zangu zilikuwa zimepasuka, na kila mtoto alipofungua kinywa nilikunja vidole vya miguu. Alipiga magoti kwenye zulia, mikono yake akaiweka mapajani, hakunigusa. Akaniambia nimgeuze mtoto mpaka tumbo lake liguse langu, pua yake ielekee chuchu, nisimsukume, nisubiri. Afungue kinywa kama anayepiga miayo, kidevu kitangulie, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu iingie zaidi upande wa chini kuliko wa juu. Tulijaribu, tukatoa, tukajaribu. Aliposhika sawasawa maumivu yalikatika hapo hapo, nikasikia anameza. Huo ni ujuzi wa mikono na macho, na mtu aliufundishwa na analipwa mshahara kuuleta mlangoni kwangu. Baada ya wakunga akaja muuguzi wa familia, na kwenye ukumbi wa kanisa karibu na kwetu kulikuwa na akina mama waliofunzwa kusaidia wenzao, wakikaa kila wiki na birika la chai, bila malipo.

Alipoondoka mkunga, hata hivyo, vyombo vilikuwa palepale. Mume wangu alipewa wiki 2 za likizo, sawa na Kenya, zikaisha. Hakuna aliyeokota beseni. Na Waingereza wenyewe, pamoja na mfumo huo wote, hawanyonyeshi kwa muda mrefu: utafiti wao wa kitaifa wa 2010 ulionyesha asilimia 81 ya akina mama walianza, lakini mtoto alipofika miezi 6 ni asilimia 34 tu walioendelea hata kidogo, na walionyonyesha bila kuchanganya walikuwa kama asilimia 1. Kenya, utafiti wa afya wa 2022 unasema asilimia 60 ya watoto walio chini ya miezi 6 wanapewa maziwa ya mama peke yake. (Wale wanaozipanga takwimu hizi mbili sambamba kwenye kundi letu watulie. Ya Kenya inahesabu watoto wote wa chini ya miezi 6, hata wa siku tatu, si waliofika miezi 6.) Bado pengo ni kubwa, maana kwetu mtoto kunyonya mpaka mwaka wa pili ni jambo la kawaida kabisa, na huku ukimnyonyesha mtoto anayetembea watu hugeuka kukutazama.

Kuhusu kutazamwa nitasema kidogo. Kwenye matatu ya Kayole mama hutoa titi, mtoto ananyonya, kondakta anadai nauli, maisha yanaendelea. Shida huanza mahali penye viti vya gharama. Mei 2018 akina mama waliandamana katikati ya jiji la Nairobi baada ya mwenzao kusema alifukuzwa kwenye mkahawa kwa kunyonyesha. Agosti 2019, tena katika wiki ile ile ya unyonyeshaji, Mbunge Zuleikha Hassan wa Kwale alitolewa kwenye ukumbi wa Bunge kwa kuingia na mtoto wake wa miezi 5. Huku Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza kumfukuza mama anayenyonyesha kwenye mkahawa, basi au duka. Nimeifurahia sheria hiyo, ingawa macho ya watu hayana sheria.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba kwa upande wa kazini sheria ya Kenya ni nzuri kuliko ya Uingereza. Huku mwajiri halazimiki kukupa muda wa kulipwa wa kunyonyesha au kukamua. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamlazimu kila mwajiri kuweka chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa mikono, friji, meza na viti, na kumpa mama mpaka saa 1 katika kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula. Hata dakika za kutembea kwenda chumbani zimehesabiwa kuwa kazi ya kulipwa. Aliyeiandika alikuwa na mama halisi kichwani. Faida ya huku ni muda: likizo ya uzazi inaweza kufika wiki 52, 39 kati yake zikiwa na malipo, hata kama malipo hayo hushuka sana baada ya wiki 6 za mwanzo. Kwetu ni miezi 3 ya mshahara kamili. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya maziwa ya mama peke yake. Hesabu hiyo inamwachia mama miezi 3 ya kujitafutia, na hapo ndipo chumba cha kunyonyeshea kingefanya kazi yake.

Basi nenda ukakitafute. Kwenye majengo ya vioo ya Upper Hill na Westlands utakipata, pengine na picha ya mtoto ukutani. Kitafute kwenye viwanda vya Industrial Area. Kitafute kwenye soko la Gikomba. Waulize wanawake wanaoketi kando ya barabara Eastleigh asubuhi wakisubiri kuitwa kufua nguo, kama mwajiri wa leo atawapa saa 1 ya kukamua. Hao mtoto wameshamwacha kwenye kituo cha mtaani, chumba kimoja, mlezi mmoja, na kikombe cha uji.

Na kuna mtu asiyeonekana kabisa kwenye picha za Agosti. Binamu yangu wa Donholm alirudi kazini benki miezi 3 ilipoisha. Usiku anakamua, anaweka kwenye friji, mchana dada wa kazi anatumbukiza kikombe ndani ya maji ya moto mpaka maziwa yapoteze ubaridi, anamnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kikombe, si kwa chupa, kama alivyoelekezwa. Mtoto alifikisha miezi 6 bila kuonja kitu kingine, familia nzima ikampongeza binamu, na alistahili. Nilipoenda likizo nilikaa jikoni na yule dada nikamuuliza kama ana watoto. Anaye mmoja, yuko Kitui kwa nyanya yake, alimwacha akiwa na miezi 4. Anakula nini? Uji, na maziwa ya ng'ombe yakipatikana. Na matiti yako ulifanyaje? Akacheka kidogo, akasema alijifunga leso kwa nguvu na kuvumilia mpaka yakakauka.

Huyo ndiye jamii tunayoiimba. Mkono wake ulimlea mwana wa Donholm, na mwana wa Kitui akalelewa na bibi aliyechoka. Sheria ya Ajira ya 2007 haimtengi dada: naye ana haki ya miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili. Nitajie nyumba tatu unazozijua zilizompa.

Hata wale wahudumu wa afya ya jamii waliofanya kazi nzuri mitaani, wengi wao wamefanya kwa miaka mingi bila chochote. Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua takriban 100,000 pale Uhuru Park, wakapewa mikoba ya vifaa na simu, na posho iliyotangazwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu ikitoa nusu na kaunti nusu. Ni hatua, siibezi. Lakini 5,000 Nairobi ni kodi ya chumba kimoja, na chumba chenyewe si kizuri. Tunataka mwanamke huyo apande ghorofa, amtazame mama akinyonyesha, arudi kesho, kwa pesa ambazo hatungempa mtu wa kutengeneza sinki.

Chama chetu cha binamu na mawifi, ambacho zamani kilikuwa cha kununuliana vyombo, sasa kina utaratibu mwingine. Mwanachama akijifungua hatupeleki tena sukari na mashauri. Tunamlipa mama wa kufua aende mara mbili kwa wiki, kwa malipo tunayokubaliana naye, mpaka mtoto afikishe miezi 3. Nimependekeza kwamba dada wa kazi wa mwanachama akijifungua naye ahesabiwe. Mweka hazina akasema hilo ni jukumu la mwajiri wake. Nikamkumbusha kwamba waajiri ndio sisi. Hoja inarudi kwenye kikao cha Jumapili. Mpaka sasa walioniunga mkono ni wawili, na binamu wa Donholm hayumo.