Kuhusu Ile Zohali Yangu ya Sinza

Kwa kuwa Nassoro amekwisha kuitangaza habari ya usiku ule nilipowaita watu kuitazama sayari ya Zohali, katika kila kundi la simu alimo, tena akaongeza chumvi kwamba nililia na kwamba Zohali iliishiwa LUKU, naona heri mnisikie mwenyewe. Sikulia. Nilikohoa.

Darubini yangu ni ya kioo cha milimita 114, ya wanaoanza. Mahali pa kuwekea jicho nilikuwa nimechomeka kamera ndogo ya kompyuta, ile ya kuzungumzia kwa video, baada ya kuing'oa lenzi yake, ili picha ionekane moja kwa moja kwenye skrini. Nikawapandisha darini wapangaji wenzangu wote, pamoja na Mama mwenye nyumba na Mzee Kondo wa chumba cha mbele, nikiwaahidi Zohali na pete yake. (Mnaoijua kazi hii, msicheke mapema.)

Baada ya nusu saa ya kuhangaika ikatokea: duara la manjano lenye tundu jeusi katikati, pete safi kabisa. Ilikuwa chini sana, usawa wa minazi, nikajiambia ndiyo kwanza inachomoza. Mama mwenye nyumba akasema, "Subhanallah," nami nikaanza mhadhara: kwamba dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo sayari huteleza ikatoka kwenye picha baada ya muda mfupi.

"Mbona hii haiendi popote, mwanangu?" akauliza Mzee Kondo.

Nikamjibu, kwa sauti ambayo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke, kwamba hiyo ndiyo faida ya kusimika stendi kitaalamu.

Umeme ukakatika. Feni zikanyamaza, redio ya jirani ikakatishwa katikati ya neno, mtaa mzima ukawa giza; kompyuta, kwa kuwa ina betri, ikabaki inang'aa mbele ya nyuso zote zile, na ndani yake hamna Zohali. Nikapapasa waya wa kamera. Ulikuwa mzima. Kisha, kutoka upande uleule ilikoelekezwa darubini, ikasikika jenereta ikivutwa kamba, ikakohoa mara mbili, ikashika; na Zohali ikarudi, kwanza hafifu, ikichezacheza, kisha kwa mwanga wake wote, pete na kila kitu.

"Kumbe na huko wana jenereta," akasema Mzee Kondo kwa upole.

Ilikuwa balbu ya baa. Darubini ya aina hii ina kioo kidogo kinachoziba katikati ya mdomo wa bomba, hivyo taa yoyote ambayo fokasi haijakaa sawa huonekana kama pete, jambo nililolisoma kesho yake. Zohali ya kweli niliipata wiki iliyofuata, punje ya mchele yenye masikio. Nikamweleza Mzee Kondo, kwa kujitetea, kwamba mwaka 1610 Galileo naye aliiona hivyo akadhani ni nyota tatu zilizokaribiana.

Akaniambia huyo mwenzangu angalau alikosea akiwa anaitazama Zohali.