Shida ilikuwa chokaa

Makala moja inasema kuta za kwanza za Sydney, Australia, baada ya Waingereza kuanzisha mji huo 1788, zilibomoka kwa ubovu wa matofali. Hapana. Udongo wa Brickfield Hill, kilima walikofyatulia matofali, ulifaa kabisa. Kilichokosekana ni chokaa: mawe yake hayakupatikana karibu, ikabidi wajenzi wachome makombe ya chaza, nayo hayakutosha. Wakaungia matofali kwa udongo mtupu. Mvua ikiupiga, unalainika, unachuruzika kwenye maungio, ukuta unatitia. Ndiyo maana kuta zilijengwa nene na fupi. (Pwani yetu, penye matumbawe ya kuchoma, nani angehangaika hivyo?)